Tofauti Alizozijua Marselina

Enzi zetu, sisi tuliosoma Karatu na sweta za kijani zilizogeuka nyekundu kwa vumbi, Kiingereza kiliogopwa kuliko nyati. Nyati angalau ungeweza kumkimbia. Mwalimu Eliakimu, aliyetoka Kilimanjaro kuja kutufundisha, ungemkimbilia wapi?

Kila asubuhi mstarini, ukungu bado umelala kwenye mashamba ya ngano na meno yakigongana kwa baridi, alitaja maneno mawili na kumwita mtu aeleze tofauti. "Borrow" na "lend". Kwetu kuazima ni kuazima, uwe unatoa au unapokea, mradi jirani arudishe sufuria. Mwalimu hakutaka habari za sufuria. Ukichanganya, fimbo. "Kama huna uhakika, nyamaza," alituambia.

Tukanyamaza kweli. Magari ya watalii yakipunguza mwendo karibu na shule, watoto wa darasa la kwanza, ambao hawakuwa wamefika mikononi mwake, walipayuka wanavyojua na kupata pipi. Sisi wakubwa tulibaki kando tukipanga sentensi, hadi gari likaenda zake Ngorongoro.

Marselina, niliyekaa naye dawati moja, hakuchapwa hata siku moja. Alizipenda zile tofauti. Tukichambua maharage kwao, huku tukisubiri makande yaive, alinifundisha: "'See', macho yameona yenyewe. 'Look', umeyapeleka wewe. 'Watch', umeyapeleka na ukayaacha hukohuko, kama unachunga ng'ombe." Mwalimu mwenyewe hakuwahi kuniingia kichwani hivyo.

Tulipomaliza kidato cha nne, loji moja ilitafuta msichana wa mapokezi. Baba yake Marselina alikuwa amesema wazi: akipata kazi atawasomesha wadogo zake, akikosa ataolewa, maana watu wa Mbulu walishakuja kuposa. Tulienda wawili, nguo tumezipiga pasi ya mkaa. Meneja, mama wa Kizungu mwenye sauti ya upole, alituuliza swali lilelile: tumweleze kuhusu nyumbani kwetu. Mimi nilitapika nilichokuwa nacho, ng'ombe wengi, mama mzuri, sarufi ikaenda kombo, naye akacheka na kuniuliza zaidi. Marselina alinyamaza. Niliona midomo ikitikisika. Meneja alirudia polepole, akasubiri, kisha akamshukuru.

Kazi nikapata mimi.

"Kasema 'home'," aliniambia tukirudi kwa miguu. "Nikawaza, nyumba ya baba na ya bibi hizo ni 'house'. 'Home' ni watu. Sasa nianze na watu au na nyumba?"

"Si ungesema chochote tu."

"Na kama ningekosea?"

Aliolewa kabla ya mavuno, na mpaka leo nikikumbuka ile njia naumia.

Siku hizi watoto wana Kiingereza cha runinga. Binti yangu husema "borrow me charger" bila haya wala salamu, na chaja anapewa. Namkemea kwa mazoea. Ananitazama kama mtu aliyetoka enzi za mkoloni, kisha anaendelea kuongea na dunia nzima kwa makosa yake yote. Sisi tulikuwa na adabu, tulikuwa na mwandiko mzuri, na tofauti tulizijua. Natamani tungekuwa na nusu tu ya utovu wao wa haya.

Mwaka jana nilimkuta Marselina mnadani, akiwa na binti yake wa mwisho, wakiuza vitunguu. Watalii wawili walisimama, na mtoto akawavamia kwa Kiingereza ambacho Mwalimu Eliakimu angekivunjia fimbo tatu. Nilimtazama mama yake. Midomo ilikuwa ikitikisika tena, kila kosa amelisikia. Nikadhani atamsahihisha. Aliinamia vitunguu vyake akaendelea kuvipanga, akamwacha mtoto aongee.