Sanduku la Kagwe na matundu mia sita na arobaini

Jumamosi, tarehe 14 Juni mwaka jana, saa nane na dakika kumi na saba mchana, skrini inakuwa nyeusi.

Ni katika ukumbi wa kukodi, Gitothua, mjini Ruiru. Vijana kama sitini wamesimama juu ya viti. Ikhlas, binti wa miaka ishirini ambaye hapa hakuna anayemshinda kwa michezo ya kompyuta, amebakisha adui mmoja tu achukue fainali. Kompyuta iliyo mbele yake ni ya rangi ya maruni, ndogo kiasi kwamba ingeingia kwenye begi la shule na madaftari yakapata nafasi.

Kwanza feni zinalia kama nyuki. Kisha inakuja harufu ya rangi inayoungua. Kisha kimya.

"Hiyo si kompyuta, ni jiko!" kijana mmoja anapiga kelele. "Mzee, tuwekee chapati!"

Mzee anayeambiwa hivyo amesimama mlangoni, kofia mkononi, ndani ya koti alilofungia harusi. Ni Joel Kagwe, miaka 56, fundi wa masanduku ya shule kutoka Thika, aliyeiundia kompyuta hiyo kasha la bati. Irshad, kijana mwenye mashindano, alikuwa amesema wazi: mashine ikimaliza fainali, ataagiza kumi.

Haikumaliza.

"Niliona nimekwisha," Kagwe anasema leo, akiwa amekaa kwenye kibanda chake, bati likiwa kati ya magoti. "Aibu mtu anazoea. Lakini hiyo ndiyo ilikuwa kazi pekee nimebaki nayo."

Kwa miaka 31 Kagwe amekunja bati. Kila Januari, watoto wa kidato cha kwanza walipokuwa wakienda bweni, wazazi walipanga foleni mbele ya kibanda hiki. Aliuza masanduku karibu mia nne kwa wiki tatu, na hizo wiki tatu zililisha nyumba mwaka mzima.

Januari 2025 foleni haikuonekana. Mtaala ulikuwa umebadilishwa na mwaka huo hapakuwa na kidato cha kwanza. Watoto walikuwa bado gredi ya tisa, shule za kutwa, wanalala kwao. Kagwe aliuza masanduku kumi na moja.

Wakubwa walikaa hotelini, wakaletewa chai na maji ya chupa, wakachora mfumo mpya ukutani. Hakuna aliyeinua mkono kuuliza, na yule mtu wa masanduku je? Wangeuliza vipi? Watoto wao hawabebi masanduku ya bati.

Mwezi wa pili ndipo Ndinda alipofika kibandani. Ana miaka 28, alisomea kompyuta Juja, akamaliza vizuri, akaambiwa asubiri kazi. Alipochoka kusubiri alikodi chumba kimoja Gitothua akaanza kuunda kompyuta za michezo.

"Mzee, naweza kupata boksi kama hii?" alimwonyesha mchoro kwenye simu.

"Ya kuweka nini? Viatu?"

"Kompyuta."

"Ya mtoto?"

"Hapana, mzee. Ile kali kabisa. Hii itachapa zile kubwa."

"Nilitazama kama kuna mtu amejificha na kamera," Kagwe anasema. "Vijana wa siku hizi wanakuchezea halafu unajiona mtandaoni ukichekwa na nchi nzima."

Ndinda hakuwa anacheza. Irshad huzungusha mashindano yake: Ijumaa Juja, Jumamosi Ruiru, Jumapili Mwiki. Kompyuta zake kubwa zilikuwa zinafika zimelegea ndani, na tatu zilivunjika kabisa. Barabara zetu mnazijua, na wanaolipwa kuzitunza mnawajua. Alimwomba Ndinda mashine yenye nguvu ileile lakini ya kubebwa kwa mkono mmoja. Makasha madogo ya kutoka nje, ukishaongeza ushuru, bei yake inakimbiza mtu. Fundi wa madirisha alijaribu kumtengenezea Ndinda kasha moja, likatoka na uzito wa kilo nane.

Sasa sikia ugumu wa kazi yenyewe. Ndani ya hicho kisanduku kuna bodi kuu, kuna kifaa cha kugawa umeme, na kuna kadi ya picha, ile inayochora mchezo kwenye skrini. Kadi hiyo ina feni mbili na ni nzito kama tofali. Ndinda huisimamisha nyuma ya bodi, mgongo kwa mgongo, halafu anaziunganisha kwa waya bapa kama utepe. Kati ya kadi na ukuta wa bati hubaki milimita tatu.

Kazi hiyo ya milimita Kagwe aliijua.

"Ukikunja bati, kona inakula urefu kidogo," anaeleza, akinikunjia kipande nione. "Usipohesabu kile kona imekula, kifuniko hakifungi. Mimi shule niliacha darasa la sita. Hii hesabu iko kwa vidole."

Kasha la kwanza lilifunga taratibu, bila kulazimishwa. Ndinda anakiri alipiga nduru hadi jirani akatoka kuuliza nani amefariki.

Basi kosa lilitoka wapi?

Mchoro ulikuwa na matundu mia tatu, juu na chini. Kagwe aliyatoboa yote. Ndinda akaijaribu mashine wiki nzima, lakini alifanya kama wanavyofanya mafundi wengi: kifuniko kikiwa pembeni na tumbo likiwa wazi, ili akitaka kugusa kitu aguse. Ikaenda vizuri ajabu. Ijumaa akamrudishia Kagwe kifuniko na kitako avipake rangi.

Kagwe akavitazama, na roho ya fundi wa masanduku ikamsumbua.

"Boksi nzuri unaijua vipi?" ananiuliza. "Unaingiza kichwa ndani, mtu anakufunika. Ukiona mwanga hata kidogo, hiyo rudia. Maji ya bweni yataingia. Sisimizi watamaliza sukari ya mtoto. Sasa mimi nitoe kazi yangu na matundu mia tatu? Nilidhani ni mapambo!"

Basi akakata bati jembamba, akalilehemu kwa ndani, juu na chini, polepole, bila kuacha pengo. Akapaka nyeusi upande wa ndani na maruni nje. Ukitazama kwa nje, matundu bado yapo, yanapendeza. Asubuhi ya Jumamosi, watu wakiwa wameshaanza kuingia ukumbini, Ndinda alikaza skrubu haraka na hakugeuza kifuniko kukitazama ndani.

Skrini ilipozima, alifungua palepale mbele ya watu.

"Mzee, hii bati ni ya nini?"

"Ya vumbi."

"Na hewa itapitia wapi?"

"Hewa ya nini? Kwani hii kitu inapumua?"

Ukumbi ulianguka kwa kicheko. Ndinda peke yake hakucheka. Ile kadi ya picha, ya mitumba, ilimgharimu shilingi elfu sitini na tano, akiba ya miaka miwili. Bahati ni kwamba kompyuta ilikuwa imejizima yenyewe kujiokoa, na kadi haikuungua.

Irshad alisubiri kelele zipungue. "Mzee wangu, sina ubaya na wewe," akasema. "Nipe ingine. Masaa mawili, kifuniko kimefungwa, Ikhlas akicheza. Ikizimika, nanunua zile kubwa za dukani na tusisumbuane tena."

Kagwe alirudi Thika, akasimulia yote. Mke wake, Gathoni, ambaye mwaka huo wote alilisha nyumba kwa kuuza sukumawiki, alimsikiliza hadi mwisho.

"Baba Kui," akamwambia, "hukuharibu kazi. Ulifanya kazi ya boksi. Hiyo kitu inataka kazi ya jiko."

Mwanamume mwenye mtu wa kumwambia hivyo akifika nyumbani ana mali asiyoijua bei yake.

Neno hilo lilimwamsha. Ujanani Kagwe alitengeneza majiko ya makaa. "Jiko ukiziba chini, moto unakufa," anasema, na sasa ameinuka, mikono inaruka. "Hii ni kinyume! Ukiziba chini, moto unakua. Lakini njia ni ileile. Hewa baridi iingie chini, ya moto itokee juu. Mbona hakuna mtu aliniambia hivyo tangu mwanzo? Wananiambia kompyuta, kompyuta. Sema jiko, nitaelewa!"

Akaongeza matundu hadi mia sita na arobaini, yote kwa msumari na nyundo. Akaweka miguu minne ili kitako kisilale mezani. Bado joto lilikuwa juu. Mashine ilikaa dakika arobaini ikazima.

Ndipo akafanya jambo ambalo Ndinda anasema hakufundishwa chuoni. Aliwasha dawa ya mbu, ile ya mviringo inayofuka moshi, akaisogeza karibu na sanduku, akainama kutazama moshi.

"Nilimwambia, mzee, utaniulia kadi na moshi!" Ndinda anakumbuka.

"Nikamwambia nyamaza, tazama."

Moshi uliingia chini, ukatokea juu, kisha ukapinda ubavuni na kuingia tena chini. Mashine ilikuwa inameza hewa yake ya moto. Kagwe alikunja ukingo wa kifuniko utokeze nje kidogo kama mdomo, kona ikala inavyokula, na moshi ukaenda zake upande wa pili. Joto la kadi likashuka nyuzi tisa.

"Tisa!" Ndinda anasema, na hadi leo akilitaja anashika kichwa. "Kuna watu wanabadilisha feni za bei kubwa wapate nyuzi mbili."

Tarehe 30 Agosti, saa sita mchana, Irshad na Ikhlas walifika kibandani. Jua lilikuwa linachoma mabati ya paa. Ndinda alitaka wasubiri jioni ipoe kidogo. Kagwe akakataa. "Ikifa, ife kwa jua," akasema.

Skrini iliwekwa juu ya rundo la masanduku ambayo hayakuuzwa. Mafundi wa jirani waliacha nyundo zao. Ikhlas akakaza kilemba, akaanza.

Nusu saa. Saa moja. Joto nyuzi 77. Kagwe hakuketi, alikuwa akizunguka sanduku kama mama aliyemwachia mgeni mtoto mchanga. Dakika ya sabini na moja, skrini ikawa nyeusi.

"Uuui!" Gathoni alipiga yowe mlangoni.

Kagwe aliweka mkono juu ya kifuniko. "Si moto," akasema. "Hii si moto! Angalieni taa!"

Stima ilikuwa imepotea mtaa mzima. Bili huwa haipotei, inafika kila mwezi bila kukosea nyumba. Walikaa nusu saa wakingoja, na iliporudi Irshad akatikisa kichwa.

"Haihesabiki. Anza mwanzo."

"Anza!" Kagwe akajibu kabla Ndinda hajafungua mdomo. "Hata mara kumi!"

Saa moja. Saa moja na nusu. Saa mbili zikatimia. Nyuzi 78, na haipandi. Kibanda kizima kikalipuka, nyundo zikapigwa juu ya bati, mtu akambeba Kagwe. Irshad alimgusa Ikhlas begani kumwambia imetosha.

"Ondoka," Ikhlas akamwambia bila kugeuka. "Wacha nimalize hii."

Irshad aliagiza kumi siku hiyo hiyo, na zote zimeshafika. Kila moja ina mkono wa kubebea na komeo la kufuli, na juu ya kifuniko jina la mchezaji wake limeandikwa kwa rangi nyeupe, kama sanduku la bweni. La Ikhlas lina herufi kubwa kuliko yote, yeye mwenyewe aliagiza hivyo. Kagwe hulipwa shilingi elfu sita kwa kasha moja. Sanduku la shule humpa elfu mbili. Siku hizi anafunga hata bodi na kadi kwa mkono wake, na dawa ya mbu iko rafuni karibu na mkasi wa bati.

Januari mwaka huu watoto wa gredi ya kumi walienda bweni na foleni ya wazazi ikarudi. Kagwe alitengeneza masanduku asubuhi na makasha alasiri. "Ya shule, hakuna mwanga. Ya Ndinda, mwanga tele," anasema akicheka. "Nimeshakosea mara moja nikafunga la shule na matundu. Mama mmoja alinirushia maneno!"

Sasa kuna oda ya thelathini. Wanafunzi wa Juja wenye chama cha michezo wameungana kununua, wakataka kitu kimoja tu: karatasi za leseni, ili kila kitu kiwe halali. Kwa oda hiyo Kagwe angenunua mashine ya kukunja bati, apumzishe vidole vyake, na Ndinda ahamie Thika wafanye kazi chini ya paa moja.

Leseni ya Kagwe inasema: masanduku ya shule. Ameshaenda ofisi za kaunti mara tatu kuibadilisha. Mara ya kwanza aliambiwa makasha ya kompyuta ni vifaa vya umeme, aende dirisha la pili. Dirisha la pili wakasema hiyo ni kazi ya bati, arudi la kwanza. Mara ya tatu, wiki iliyopita, tulienda pamoja.

Karani alipekua orodha yake, juu hadi chini. Kulikuwa na kinyozi, kulikuwa na fundi saa, kulikuwa na muuza kuku. Nyuma yetu foleni ilikuwa imefika barabarani. Kagwe alifungua begi lake, akatoa sanduku la maruni, akaliweka mbele ya dirisha, matundu yote mia sita na arobaini yakimtazama yule karani.

"Ni mimi nimetengeneza hii, mama," akasema kwa upole, kalamu ikiwa juu ya fomu. "Sasa hapa penye kazi, niandike mimi ni nani?"