Vitabu vya Hoteli Ndani ya Kibuyu cha Mbegu

Siku kibuyu kile kilipofunguliwa tulikuwa watu sita uani kwetu Migwani, na nitawataja wote ili asitokee wa kusema nimempita. Alikuwapo baba yangu, Nzioka, ambaye alikuwa amefunga hoteli yake ya chai na mandazi pale sokoni. Alikuwapo mama yake baba, Kalunde, ambaye sisi watoto tulimwita Susu, kama wajukuu wa Ukambani wanavyomwita nyanya yao. Alikuwapo mama yangu, Ndinda, amesimama mlangoni na mwiko mkononi kwa sababu uji ulikuwa motoni. Alikuwapo Mumbua, aliyekuwa mpishi wa hoteli, ambaye hakuwa ndugu yetu wa damu lakini alinibeba mgongoni kabla sijajua kutembea. Kulikuwa na kaka yangu Mutua, aliyenizidi mwaka mmoja na ujuaji mwingi, na mimi mwenyewe, Kanini. Susu alipobandua kile kifuniko cha mavi ya ng'ombe yaliyokauka, ilitoka kwanza harufu ya moshi, ikafuata ya majivu, halafu, sote tukiwa tumeinamisha vichwa, ikatoka harufu ya iliki na mafuta ya mandazi. Hoteli ilikuwa imefungwa tangu mavuno, lakini harufu yake ilikuwa imekaa ndani ya karatasi ikitungoja. Mumbua alifumba macho akavuta pumzi. Mama alisema, "Haya, sasa mmenifanya nione njaa na uji wangu haujaiva."

Nieleze hizo karatasi zilifikaje ndani ya kibuyu. Baba alifungua hoteli kabla sijazaliwa, chumba kimoja chenye mabenchi mawili na dirisha la kupitishia vikombe. Unga wa ngano aliletewa na Mzee Swaleh, ambaye watu wake walitoka pwani zamani wakajenga Kitui mjini, na ndiye aliyemfundisha baba kuandika hesabu. "Mali bila daftari, Nzioka, hupotea bila habari," alimwambia, na baba akalishika neno hilo kama wengine wanavyoshika mstari wa Biblia. Kila jioni alifuta meza, akavuta taa karibu, akaandika unga ulioingia, sukari, kuni, maziwa, na kilichouzwa. Karatasi za risiti alizichoma kwenye waya ulioning'inia ukutani. Mwisho wa mwezi alimlipa Mumbua, naye Mumbua, kwa kuwa hakujua kuandika, alibonyeza kidole gumba kwenye wino wa zambarau akakigandamiza kando ya jina lake. Nilizipenda alama zile kuliko picha zozote. Nilipoziangalia niliona vilima vya Mbooni, kwao mama, jinsi mashamba yanavyozungukwa na matuta, tuta juu ya tuta, mpaka kileleni. Nilidhani Mumbua amezaliwa na ramani ya Mbooni kidoleni.

Kisha stendi ya mabasi ikahamishwa upande wa juu wa soko, na wateja wakahama nayo. Mtu aliyeshuka basi na njaa hawezi kuteremka mlima kutafuta mandazi ya Nzioka, hata yawe matamu namna gani. Baba hakulalamika. Alirudisha leseni, akauza mabenchi, na karani mmoja aliyepokea leseni akamwonya kwamba vitabu asivitupe, maana hata biashara ikifa, anaweza kuja mtu kuulizia habari zake. Hapo ndipo baba alipoingiwa na wasiwasi. Kwetu chochote ukiweka chini ni cha mchwa. Wamewahi kula kiti huku mwenyewe amekikalia, au hivyo ndivyo Mutua alivyodai. Nyumba nzima kulikuwa na mahali pamoja tu ambapo kitu kiliwekwa na kikapatikana baada ya misimu: juu ya meko ya Susu, kwenye vibuyu vya mbegu. Mbaazi zake, kunde zake, mahindi yake, vyote vilidumu humo, na hata msimu mvua ilipokosa na majirani wakabaki mikono mitupu, watu walikuja kwake kuomba mbegu.

Baba alimpelekea vitabu vyote kwenye karai. "Mwaitu," alisema, maana hivyo ndivyo alivyomwita mama yake, "nihifadhie hivi kama unavyohifadhi mbegu."

"Kama mbegu?"

"Kama mbegu kabisa. Usibadilishe kitu."

Basi Susu hakubadilisha kitu. Mbegu haihifadhiwi na ganda lake, kwa hivyo alikaa kwenye kigoda na kisu akavimenya vitabu, akitenga majalada magumu upande mmoja na kurasa upande mwingine. Majalada yale ndiyo yaliyoandikwa mwaka. Kisha akachambua. Mwanamke wa Kikamba hahifadhi mbegu yoyote tu. Anachagua iliyojaa, safi, isiyo na tundu, na zile zilizosinyaa anazila au anawapa kuku. Kurasa nyeupe zenye mistari iliyonyooka alizikunja vizuri akazitia kibuyuni, zikanyunyiziwa majivu tabaka kwa tabaka. Kurasa zenye madoa ya mafuta, zilizokunjamana, zilizochafuliwa na wino wa zambarau, alizisukuma kando na mguu. "Hizi hazitaota," alituambia mimi na Mutua. "Chukueni mkachezee." Akaziba mdomo wa kibuyu kwa mavi ya ng'ombe, akakitundika juu ya meko, na kwake kazi ikawa imeisha.

Sisi tulifurahi kuliko waliorithi ng'ombe. Nyuma ya zizi kulikuwa na kibanda kidogo cha kulaza watoto wa mbuzi, na mchana mbuzi wakiwa malishoni tulikifanya hoteli, jioni tukaondoa kila kitu kabla hawajarudi. Nilikuwa mwenye hoteli, Mutua alikuwa mteja mkorofi, na Katunge, binti wa Mumbua, ambaye tulikaa naye dawati moja shuleni, alikuwa mpishi kama mama yake. Tulikanda mandazi ya udongo, tukayapanga juu ya majalada. Kurasa nilizichoma kwenye miiba ya tawi kavu la mgunga nililolikita ukutani, kama nilivyomwona baba akichoma risiti zake kwenye waya. Mutua akikataa kulipa nilichomoa ukurasa nikamsomea makosa yake, ingawa kusoma kwenyewe kulikuwa bado kwa kubahatisha. "Wewe ulikunywa chai ukaondoka," namwambia. "Ilikuwa baridi," anajibu. Siku zikaenda hivyo, jua la kiangazi linachoma, na hoteli ya baba ikiendelea na biashara bila yeye kujua.

Halafu Mumbua akaja nyumbani jioni moja na leso yake imefungwa kichwani vibaya, dalili kwamba alikuwa amekimbia. Shule moja ya wasichana ya bweni, si mbali na kwetu, ilitafuta mpishi. Kazi ile ilikuwa na chumba cha kulala, na hiyo ndiyo ilikuwa shida yake, kwa sababu mumewe alikuwa amefariki na kile chumba cha sokoni alichokaa na watoto wake kilikuwa kinatakiwa na mwenye nyumba. Asipoipata, angerudi Mbooni kwa kaka yake, kwenye pembe ya shamba ambalo tayari lilikuwa halitoshi, na Katunge angeacha shule yetu. Mwalimu mkuu alikuwa amewaambia wote walioomba kazi kwamba hataki barua za kusifiwa. "Barua hata mimi shemeji yangu anaweza kuniandikia," alisema. "Nileteeni kitu kilichoandikwa siku zile zile mlipokuwa mnapika." Siku ya mwisho ilikuwa Ijumaa.

Baba alicheka kwa furaha. "Mumbua, hiyo si taabu. Kila mwezi uliopika umeandikwa na kidole chako kiko hapo. Mwaitu, fungua kibuyu."

"Umeona mawingu?" Susu akauliza.

"Mawingu ya nini?"

"Kibuyu kinafunguliwa mawingu yakikusanyika. Uliniambia nisibadilishe kitu."

Walibishana mpaka chai ikapoa. Baba alisema karatasi haihitaji mvua. Susu alisema akiba haiozi, ila ikifunguliwa na mwenye haraka huota ukungu. Mwishowe ni Mumbua aliyepiga magoti karibu na kigoda chake, akamwambia polepole, "Susu, mawingu yangu yamekwisha kusanyika." Yule ajuza alimtazama, akainuka, akanawa mikono, akaikausha juu ya moto, akateremsha kibuyu. Hapo ndipo tulipokuwa watu sita uani.

Baba alikung'uta majivu akasoma ukurasa wa kwanza, wa pili, wa kumi. Sukari, kuni, maziwa, yote yaling'aa kama yameandikwa jana. Lakini jina la Mumbua halikuonekana popote. Alipindua kibuyu akakipiga matako, kikatoa majivu matupu. "Mwaitu, kurasa za mishahara ziko wapi?"

"Zipi?"

"Zenye wino wa zambarau."

"Zile chafu? Mwanangu, nani anahifadhi mbegu mbovu?"

Mumbua aliketi chini akaanza kupitia kurasa zile upya, ingawa kusoma hakujua, akitafuta zambarau. Mama alisahau uji ukafurika. Nami nilimtazama Mutua, Mutua akanitazama, na tukaondoka mbio sote wawili bila kuambizana, tukapitia nyuma ya zizi.

Jua lilikuwa limeshuka, watoto wa mbuzi walikuwa wameshaingizwa kulala, na siku hiyo tulikuwa tumesahau kuondoa vitu vyetu. Tulipofungua kibanda tulikuta tawi langu la mgunga bado limesimama, na mbuzi mmoja mdogo mweupe mwenye sikio jeusi amesimama kwa miguu ya nyuma, anatafuna kwa utulivu mkubwa. Mutua alimshika mdomo, mimi nikamvuta mkia. Tuliokoa tulichoweza. Baba alikuja na taa, akainama chini ya ule mlango mdogo, akaona hoteli yake: majalada yamepangwa na mandazi ya udongo juu yake, kurasa zimechomwa kwenye miiba, na vidole vya zambarau vikishuka kimoja chini ya kingine. Nilingoja fimbo. Badala yake alianza kucheka, akacheka mpaka akakaa juu ya samadi, akamwita Mumbua aje aone. Kila ukurasa ulikuwapo isipokuwa ule mbuzi alioula, na Mumbua alizichomoa moja moja kutoka kwenye miiba kama mtu anayechuma matunda.

Ijumaa ilipofika nilikwenda naye mpaka shuleni, maana alisema nimekuwa mlinzi wa vitabu vyake. Mwalimu mkuu, mama mrefu mwenye miwani, alizipanga kurasa mezani bila kujali madoa. Alileta wino, akamwambia Mumbua abonyeze kidole upya kwenye karatasi tupu, akavilinganisha vidole vile kwa muda mrefu, cha zamani na cha siku ile. Matuta ni yale yale.

"Na hapa katikati?" akauliza. "Mbona kuna miezi haipo?"

"Hiyo, mwalimu, imo ndani ya mbuzi," Mumbua akasema. "Nikikuletea nitakuletea na kwato zake."

Yule mama alivua miwani akafuta macho. Alisema kati ya wote waliokuja, huyu peke yake ndiye aliyeleta karatasi zenye harufu ya jikoni. Aliandika jina la Mumbua hapo hapo, na Jumatatu tukamsaidia kuhamisha sufuria na godoro.

Mzee Swaleh aliposikia habari hiyo alipiga goti lake kwa kiganja akasema mchagua nazi hupata koroma. Susu alijibu kwamba yeye nazi hazijui, ila tangu siku ile hakuchambua tena karatasi. Mumbua alishona majalada kwa sindano ya gunia, mengine kwenye kurasa za mwaka mwingine, na baba akatundika vitabu kwenye waya juu ya meko, bila kuziba chochote. Kila mwaka, Susu alipoanika mbegu juani, vitabu vilianikwa pembeni yake. Baba alisoma kwa sauti, na majirani waliopita walisimama kusikia nani alikuwa akinywa vikombe vingapi. Kulikuwa na vicheko vya kutosha kulisha kijiji. Mchwa hawakuvigusa vitabu vile, kwa maana kitu kinachopepetwa kila msimu hakiwapi nafasi ya kujenga.

Mwaka jana mjukuu wangu Mwende alifunga duka lake la nafaka Kitui mjini. Nilimuuliza hesabu ameziweka wapi, akanijibu ziko salama, ziko kwenye simu ya zamani. Simu iko wapi? Sandukuni. Umeiwasha lini? Akainuka kutafuta waya wa kuichaji. Tuliichaji asubuhi nzima, na ilipowaka ikadai namba ya siri ambayo yeye mwenyewe hakuikumbuka. Alijaribu hii na ile mpaka ikafunguka, na nikasikia akipumua. Siku hiyo hiyo alikwenda kuzichapisha, na sasa faili lake liko kwangu kwenye rafu, na mfanyakazi wake wa zamani ameshalijia mara moja, akalisoma amekaa kwenye kiti changu, akaondoka na nakala yake. Enzi zetu tulihitaji moshi, wao wanahitaji umeme. Siwezi kusema kipi ni bora. Naona tu kwamba faili la Mwende limeanza kuchakaa pembeni, na nikiliona hivyo nafurahi.

Baba, Susu, mama, Mumbua na Mutua wote wametangulia, nami ndiye niliyebaki kusimulia, kwa hivyo hakuna wa kunikanya. Lakini Katunge yuko hai, anaishi Makueni, na bado tunabishana: yeye anasema mama yake aliingia kazini Jumanne, mimi nasema Jumatatu. Kama uliwahi kula chakula cha Mumbua katika bweni lile, na unakumbuka tofauti na nilivyoandika, nisahihishe bila kuogopa. Kosa langu nitalipokea, ila uniambie pia alikupikia nini.