Mjerumani Katika Daftari la Baba

Mama alikufa hospitalini Kwale, mimi peke yangu nikiwa kando ya kitanda chake. Baba alikuwa nyumbani Msambweni, homa imemlaza. Niliporudi, kabla hata ya kunipa mkono wa pole, aliniuliza, "Alitamka?"

Alikuwa anauliza shahada. Mama alikuwa Mkristo wa Kinango aliyeolewa na mwalimu wa madrasa, wakaishi miaka yote kila mtu na dini yake, bila kugombana. Nami siku hiyo ukweli ulikuwa umenikaa kichwani. Nikajibu, "La, baba, hakutamka." Akageukia ukutani.

Baba alikuwa na daftari la marehemu wake. Kila Alhamisi baada ya alasiri alisoma Yasini, kisha akawarehemu mmoja mmoja kwa jina: wazazi, ndugu, majirani, hata muuza samaki mmoja aliyekuwa akimpunja waziwazi. Macho yake yalipofifia, nikawa mimi ndiye ninayemsomea majina. La mama halikuwamo, maana kwa baba aliyekufa bila shahada haombewi rehema. Nikifika mwisho nilisita kidogo, na baba, akijua ninasitia nini, aliitikia amina haraka haraka.

Wakati huo nilikuwa ninajifunza Kijerumani Ukunda, nipate kazi katika hoteli za Diani. Darasani tulipewa habari za mshairi wao mkubwa wa zamani, mtunzi wa tamthilia pia. Nilimsimulia baba, maana tangu msiba alikuwa hasemi na nyumba ilikuwa imenielemea. Nikamwambia kwamba mtu huyo alilelewa kwa Biblia. Kwamba alipougua ujanani, rafiki mmoja wa mamake, mcha Mungu kwelikweli, alimvuta kwenye sala. Kwamba baadaye aliisoma Kurani kwa tafsiri, akajifunza kuandika herufi za Kiarabu kwa mkono wake, na uzeeni akatunga diwani nzima kwa kumpenda mshairi wa Kiajemi aliyehifadhi Kurani. Kwamba aliwahi kuanza tamthilia juu ya Mtume, hilo nililimeza. Sikutaka mgeni wangu afukuzwe kabla hajaketi.

Baba alikaa wima. "Alisilimu?"

Mwalimu wetu alikuwa ametuambia wazi kwamba hakusilimu, alichukua huku na huku akabaki na imani yake mwenyewe. Lakini uso wa baba ulikuwa umechangamka, na mimi nilikuwa nimeukosa uso huo.

"Alisilimu, baba."

"Alhamdulillahi. Mwandike. Bin nani?"

Babake alikuwa na jina la Biblia. Baba akaligeuza la Kiarabu papo hapo, nami nikaandika.

Miezi ikapita, Mjerumani akirehemiwa kwa sauti kuliko jamaa zetu wote. Mwanzoni nilicheka kichinichini. Kisha ikaanza kuniuma. Mtu ambaye hakuijua hata njia ya Msambweni alikuwa anasomewa Fatiha, na mama, aliyempikia baba futari miaka yote naye mwenyewe hafungi, hakuwa na mstari. Nilimwonea wivu maiti wa Ulaya kwa niaba ya mama yangu.

Alhamisi moja nilishindwa, nikalifunga daftari.

"Baba, yule Mjerumani hakusilimu. Nilikudanganya."

Nilingoja hasira. Alipapasa mpaka akaupata mkono wangu.

"Yeye ulimdanganyia," alisema. "Na mamako je? Mimi sikuwapo Kwale. Ungesema neno moja tu, mwanangu, ningeamini, na ningemwombea mpaka nife."

"Basi nimwandike, baba. Nimwandike sasa hivi."

"Sasa ninajua," alisema, na machozi yakamtoka, nami nikalia naye palepale mkekani.

Alifariki kabla ya Ramadhani. Daftari ninalo mimi. Nimemwandika baba chini ya Mjerumani, ambaye sikuambiwa nimfute. Chini ya baba pana nafasi, na kila Alhamisi ninashika kalamu. Jina la mama bado sijaliandika. Hakuna tena wa kumdanganya.