Mwanamke wa Kwenye Kitabu cha Simai

Mume wangu Simai akitoka asubuhi kwenda kazini ungedhani anakwenda kukagua gwaride. Kazi yenyewe kupaka chokaa nyumba za watu Mji Mkongwe, jioni anarudi mweupe mpaka kope, lakini asubuhi kaptura ya kaki lazima ipigwe pasi, kofia isimame, na kidevu kinyolewe mpaka king'are. Majirani zetu wa Kikwajuni wakimwita Sajini. Hakuwa sajini hata siku moja. Alikuwa askari wa kawaida, akapelekwa Burma vita vya Hitla, akarudi na goti bovu na kitabu chake cha jeshi. Kitabu hicho akikiweka ndani ya bati la biskuti, na bati juu ya kabati, na hakuna ruhusa ya kuligusa. Mie nkimwambia, "Baba Shemsa, laiti ningekuwa karatasi, ningefaidi."

Kitabu kilikuwa cha Kiingereza, na Kiingereza cha Simai ni cha gwaride tu: simama, geuka, tembea. Kusoma hajui. Lakini hajapata mtu kunywa kahawa kwetu akaondoka bila ya kuonyeshwa, na hajatokea hata mmoja aliyejua kukisoma.

Ndipo yalipotufika, mwaka wa sitini na saba, siku alipokuja Bwana Mabrouk kumposea mwanawe binti yetu Shemsa. Bwana Mabrouk alikuwa karani mstaafu, mtu mpole, kanzu yake imetiwa wanga, miwani puani. Mambo yalikwenda vizuri. Halua imeliwa, kahawa imenywewa, mimi na Shemsa tuko nyuma ya pazia, mtoto anacheka peke yake mpaka nkamfinya. Imebaki kusomwa fatiha tu. Simai akanyanyuka akaliteremsha bati.

"Soma, bwana," akasema, "ujue mwanao anaoa kwa nani."

Bwana Mabrouk akasoma. Akarudia. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Bwana Simai, unajua humu mmeandikwa nini?"

"Ushujaa," Simai akajibu, kifua mbele.

"Mmeandikwa: mwenendo mbaya. Mwaka wa arubaini na tatu, likizo, alichelewa kurudi kambini, ana jeraha la kichwa. Amekiri mwenyewe kwamba alipigana na raia. Sababu ya ugomvi: mwanamke."

Kifua cha Simai kikarudi nyuma.

"Mwanamke gani?" Sauti hiyo ilikuwa yangu, na pazia nlishalifungua bila ya kujijua.

Bwana Mabrouk maskini, mtu wa heshima, akatazama chini. Akasema yeye hana neno, lakini mama yake kijana ana ndugu wengi na midomo mingi, na maneno haya yakiwafika hawatakubali. Kitabu kirekebishwe, kisha fatiha itasomwa. Akaaga. Shemsa akaenda kujitupa kitandani, kilio chake kikasikika mpaka kwa jirani.

Nkamgeukia mume wangu. "Haya. Sema."

"Ulikuwa mwaka, Mama Shemsa. Mwaka Kogwa. Nlipigana na kaka yako Silima, kwani we hukuwepo?"

Nlikuwepo. Mimi na yeye sote watu wa Makunduchi, yeye wa upande wa kusini, mimi wa kaskazini. Kwetu mwaka ukiingia, mwezi wa Julai, wanaume wa pande mbili hukutana kiwanjani wakatwangana kwa mabua ya migomba. Mwenye kinyongo na mwenzake anakitoa pale pale. Wakishachoka wanapeana mikono, neno limekwisha, wanakwenda kula wali. Na sie wanawake tunasimama pembeni na kanga zetu mpya tunawaimbia vijembe. Hapana anayeshtaki, hapana anayelalamika, ukivimba umevimba. Kovu la Simai la juu ya nyusi nnalijua, na bua la kaka yangu lililomtia kovu nlilishuhudia.

"La kupigana nalijua," nkamwambia. "Nnauliza la mwanamke."

"Hayo kaandika Mzungu wa kambi," akasema, huku akijikuna goti.

Simai akisema uongo hujikuna goti. Nimeolewa naye tangu baada ya vita, siwezi kukosea. Usiku huo chakula nlimpa, lakini nlikisukuma.

Asubuhi akaenda ofisi ya mambo ya askari wa zamani, chumba kimoja huko juu kwenye nyumba ya mawe, ngazi zake zinataka roho. Karani wake akiitwa Kificho, mtoto wa mjini hasa, mtu mzima asiyepata kukanyaga shamba ila kwenda kuzika. Akamsikiliza Simai mpaka mwisho, kisha akasema, "Mzee wangu, mila hiyo mimi siijui. Siwezi kuandika nisichokijua. Nletee huyo uliyepigana naye aseme hakuwa na ugomvi na wewe."

Hapo ndipo penye mkosi. Simai na kaka yangu Silima walikuwa hawasemezani! Silima aliazima baiskeli ya Simai, akaipakia magunia ya mihogo, akairudisha gurudumu limepinda kama ndizi. Simai akamwita mharibifu, Silima akamwita bahili, na tangu hapo kila mmoja akinituma mimi: mwambie kaka yako, mwambie mumeo. Nlishachoka kuwa mpeleka salamu. Wahenga wamesema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Mie nlishalima mpaka mikono imeota sugu, kapu sijaliona.

"Julai iko mlangoni," nkamwambia Simai. "Nenda kapigane naye ukamalize. Na huyo karani mwalike, aone kwa macho yake."

Na kwetu kumwalika mgeni siku ya mwaka ni jambo kubwa. Nyumba isiyopata mgeni siku hiyo, mwaka wake hauna heri. Simai akamwambia Kificho hivyo, kwamba asipokuja atatutia nuksi, na Kificho, mstaarabu, akaona haya kukataa.

Siku ikafika. Tukapanda gari ya mbao, Kificho kavaa shati jeupe na viatu vya kung'aa, anauliza kila baada ya kituo kama tumefika. Tulipofika kiwanjani watu walishajaa. Nkajiunga na wanawake wa upande wangu, kanga mpya, nkaanza kuwaimbia wa kusini kwamba mabua yao laini kama maandazi. Simai akaingia. Silima akaingia. Kaka yangu ana mikono mirefu yule, na Simai ana goti bovu, lakini walitwangana watu hao! "Hili la gurudumu!" anasema Simai. "Na hili la kuniita mharibifu!" anajibu Silima. Wakapigana mpaka mabua yakabaki nyuzi mikononi. Kisha Silima akaanza kucheka, Simai naye akacheka, wakakumbatiana wanahema.

"Shemegi, gurudumu ntakununulia."

"Achana nalo. Kesho utanifuata mjini ofisini."

Nkatoa machozi pale pale, sioni haya kusema. Nyumba yangu ilikuwa imerudi pamoja.

Kificho je? Tulimsahau. Kijana mmoja wa kusini, kwa bahati mbaya, bua likamponyoka likamtua karani wetu kwenye jicho. Watu wakasema pole. Yeye akasimama, akalitazama shati lake, akaokota bua chini, akaingia kiwanjani! Mtoto wa mjini! Alipigana mpaka kiatu kimoja kikapotea. Jioni alikula wali na pweza sahani mbili, jicho moja limefumba, akasema tangu azaliwe hajapata kufurahi hivyo.

Basi kesho yake tukapanda ngazi zile, Simai, Silima na mimi, nikiwa sina haja ila kujua khabari ya mwanamke. Tukamkuta Kificho nje ya mlango, kajiinamia. Mkubwa wa ofisi, mgeni aliyehamishiwa Unguja karibuni, kamwona asubuhi na jicho limevimba, akamuuliza kulikoni. Kificho akasema kweli: kapigana na watu shamba. Mkubwa kachukua faili lake, kaandika kwamba karani huyu ana mwenendo mbaya.

"Salale!" nkasema. "Yale yale!"

Simai akavuta kaptura, akatengeneza kofia, akaingia kwa miguu ya gwaride. Sote nyuma yake. Akamweleza mkubwa mambo ya mwaka tangu mwanzo hadi mwisho. Silima akaongeza, "Mie ndiye nliyempiga huyu mwaka ule wa vita, bwana, tena nlimpiga vizuri. Ugomvi hatukuwa nao."

Mkubwa alikuwa mtu wa maswali. Akamtazama Kificho, akalitazama kovu la Simai, akakifungua kitabu.

"Naam, haya ya mila nimeyaelewa. Hili la karani nitalifuta. Lakini wewe mzee, humu pana mwanamke. Mwanamke gani mliyemgombania?"

"Mwanamke?" Silima akashangaa. "Sie tulipigana mwaka tu. Sijui mwanamke yeyote."

Kumbe yuko! Kaka yangu hamjui, mimi simjui, anamjua Simai peke yake. Nkamtazama mume wangu, nkaona mkono unashuka kwenda kwenye goti.

"Usijikune!" nkamwambia. "Sema kweli, Shemsa anangoja fatiha. Na mimi nangoja."

Mkono ukasimama. Simai akaangalia ukutani, sauti ikawa ndogo, sijapata kumsikia akisema vile.

"Likizo yangu ilikuwa imekwisha, bwana. Ilikuwa nirudi kambini asubuhi ile, halafu tupelekwe vitani. Nkasema ntapita kiwanjani nitazame tu, sipigani. Basi upande wa kaskazini alikuwepo msichana, ana kanga nyekundu, anaimba kutukana watu wa kusini, sauti yake imewapita wote. Hatukuwa tukijuana hata kwa salamu. Nkajua nnakwenda kufa Burma na msichana yule hajapata kuniona. Nkachukua bua, nkamtafuta kaka yake, kwa sababu pale alipo kaka yake ndipo atakapotazama. Nkapigwa. Akanitazama. Nliporudi kambini Mzungu akaniuliza, nini kilikutia katika ugomvi huo? Askari hamdanganyi mkubwa wake. Nkamwambia, mwanamke."

"Na huyo mwanamke yuko wapi sasa?" mkubwa akauliza.

"Kasimama nyuma yangu," akasema Simai, "na tangu kisomwe kitabu hiki ananinunia."

Jamani! Nlikaa kwenye kiti cha mkubwa mwenyewe bila ya kukaribishwa. Silima akacheka mpaka akashika ukuta. Mie nkilia, nkicheka, sijui nishike lipi.

"Miaka yote hii, Baba Shemsa! Mbona hukunambia?"

"Ungeringa," akasema.

Mkubwa akachukua kalamu. Akasema ataandika mwenendo mzuri, jeraha limetokana na mchezo wa mila, na ataandika barua bara ili kumbukumbu za jeshi za huko nazo zirekebishwe. Kisha akatia kalamu kwenye neno lile ili alifute.

"La!" nkasema. "Futa ugomvi. Futa raia. Mwanamke mwache." Wote wakanitazama. "Tena muandike jina lake."

Akaandika. Ijumaa ya wiki ile ile Bwana Mabrouk alirudi, akasoma kwa sauti mbele ya wakwe wote, na alipofika kwenye jina langu Shemsa alipiga kigelegele yeye mwenyewe, bi harusi asiye na haya. Fatiha ikasomwa. Wageni walipoondoka Simai alikifunga kitabu, akakirudisha ndani ya bati, na bati juu ya kabati, taratibu. Sasa nami nimo mle ndani.