Ndege wa Shangazi

Shangazi yangu, dada wa baba, alizaa mtoto mmoja tu, msichana. Surua ilimchukua miaka ile ya vita vya Wazungu, baba yake akiwa amepelekwa kwenye kazi ya barabara upande wa Walikale. Aliporudi alionyeshwa kaburi. Kwa muda mrefu Shangazi hakuwa mtu wa kusemeshwa.

Kisha asubuhi moja, akikamua ng'ombe, alitua karibu naye yule ndege mdogo mweusi na mweupe, anayetikisa mkia. Shangazi akamtazama, akasema, "Ni yeye. Mutoto wangu amerudia."

Toka hapo alikamua huku akimpa ndege habari za kilima chetu: nani anaolewa, ng'ombe gani kazaa, mvua imeharibu maharage ya nani. Akaanza kucheka tena. Akarudi kuimba kanisani, sauti yake ikizidi zetu sote. Mimi sikuamini hata kidogo; nilijua ndege anafuata nzi wa ng'ombe. Lakini nilipenda kushinda kwake kuliko kwetu, maana kwake kulikuwa na furaha ya kugawia wageni.

Kaka yangu mkubwa alimaliza masomo ya ualimu misheni, akarudi Masisi na viatu na majibu ya kila kitu. Habari ya ndege ilimkera.

Jumapili moja baada ya ibada, Shangazi akiwa uani na majirani wanakunywa maziwa, kaka aliingia na kapu lililofunikwa. Alikuwa ametega kwa ulimbo. Alipofunua tukaona ndege wanne wa sura moja, manyoya yamegandamana.

"Shangazi," alisema kwa sauti ya darasani, "hawa bote bako sawa. Sasa chagua. Mutoto wako iko wapi hapa?"

Jirani mmoja alicheka. Shangazi aliinama juu ya kapu, akatazama ndege mmoja mmoja. Nilitamani achague yeyote, hata kwa uongo, amshinde yule mjinga. Hakuchagua.

"Bafungulie," alisema, akaingia ndani.

Nilimkimbilia kaka njiani. "Alikukosea nini?"

"Nimemuambia kweli. Mukristo haongeake na ndege."

"Ulimukuta analia? Nani alikuita?"

Akanijibu kwamba nitaelewa nikisoma. Kana kwamba sisi wasichana tulifunguliwa mlango wa shule yake!

Shangazi akaanza kukamua kimya. Ndege walikuja kama kawaida, akawafukuza kwa mkono. Baadaye akaacha kwenda kanisani. Mama alipomwuliza sababu, alijibu bila hasira, "Kama ule ndege hakunisikia, ule wa juu nani alimuona anasikia?"

Mama aliyaficha maneno hayo kama aibu. Mimi niliona aibu hiyo ni ya mtu mwingine. Kaka alitaka kung'oa gugu moja, akaondoka na shamba zima, na watu bado walimwita msomi.

Mume wa Shangazi, mtu mpole, aliuza ng'ombe wake, wakateremka kuhamia Kibua kulima mihogo. Alidhani mahali papya patamsaidia. Nilipowatembelea, Shangazi alinipokea vizuri, akanipikia sombe ya majani ya mihogo, akauliza hali ya kila mtu. Habari zake mwenyewe hakunipa hata moja.

Alikufa hukohuko. Kaka, aliyekuwa sasa mkubwa wa shule, ndiye aliyeongoza maombi. Alituambia tusilie: saa hiyohiyo mama na binti wamekwisha kukutana, wanazungumza. Watu wakaitikia amina. Mimi nilikwenda kukaa na mume wa marehemu nyuma ya nyumba.

Wakati wa kurudi nilimwuliza kaka, "Umejuaje kama banaongea?"

"Imani haiombake kuonyeshwa," alisema.

Nilimwacha atangulie. Njia yote ya kupanda Masisi sikufungua kinywa, kwa sababu ningekifungua ningemlaani.