Jaketi Lililojaa Adhuhuri

Mume wangu alikuwa mzamiaji wa idara ya maji Tabora, tena wa pekee, maana aliyemtangulia alizama bwawani adhuhuri moja na hakutoka hai. Siku ile lilianza kuibuka jaketi lake la kuelea, limejaa hewa, mwenyewe hayumo. Miaka ya Ujamaa kitu hakitupwi. Wakamkabidhi mume wangu jaketi lilelile wakamwambia, "Ndugu, litunze, hii ni mali ya umma." Mali ya umma! Na mume wangu je, alikuwa mali ya nani?

Kulitunza kukawa kazi yangu, kwa kuwa baba yangu alikuwa fundi viatu na mimi nilikua nikikata ngozi na mpira. Tulikaa mtaa wa Chemchem. Kila aliporudi nalo nililisuuza, nikafuta mchanga kwenye vali, nikaipaka parafujo nta ya nyuki isishike kutu. Kifuani lilikuwa na kichupa cha chuma chenye hewa. Mzamiaji akizidiwa huzungusha koki, hewa ikaingia kwenye jaketi, likampandisha juu.

Sasa jaketi lile lilikuwa na tabia. Jua likifika utosini, nalo liko msumarini ukutani, linaanza kujaa lenyewe. Sssss. Linavimba kifua, mikanda inakaza, kisha linatulia hivyo hivyo kama mtu aliyebana pumzi. Mara ya kwanza niliacha ugali motoni nikatoka mbio hadi uani, kichwa wazi. Mama mkwe, mtu wa Puge, hakucheka.

"Marehemu huyo," alisema. "Bado anaitafuta koki."

"Mama, ni washa, kile kipete cha mpira cha kuziba koki, imelika. Kichupa chenyewe kimepungua, tazama."

Nilijibu kwa ukali. Nilikuwa naogopa, nasema wazi, na mimi nikiogopa ulimi haushikiki.

Kisha lango la maji likakwama, mji ukakauka, na mume wangu akatakiwa aingie kwenye shimo la zege chini ya bwawa kulifungua. Nikawaza. Jaketi likijaa mle ndani, litambana kwenye dari la shimo na hatatoka. Nikaenda kwa Mhindi wa vipuri vya baiskeli: washa hakuna. Basi nikakata yangu kwenye tyubu ya lori, nikaipachika, kichupa kikajazwa upya idarani, nikaikaza koki kwa koleo mpaka mkono mtupu usiweze kuizungusha. Nikalitosa jaketi kwenye karai la maji ya sabuni, hakikutoka hata kiputo kimoja. Adhuhuri nikakaa kulitazama. Kimya.

"Koki hii usiitegemee," nilimwambia mume wangu. "Shika kamba, wakuvute."

"Haya, bibie. Umenifungia hadi pumzi."

Alirudi alasiri, kajifunika blanketi, meno yanagongana. Jaketi alikuwa amelibeba mkononi, nalo limejaa.

"Lango limefunguka," akasema. "Lakini hewa ya mtungi wa mgongoni iliniishia nikitoka shimoni. Kamba imenasa, mikono imekufa ganzi, sikuweza kugusa kitu. Mara jaketi likajaa likanipandisha. Ahsante, mke wangu. Leo umeshindwa kazi, nami nimepona."

Nimeshindwa! Nilifurahi kumwona, nikalia, na bado nikakasirika. Nikalichukua jaketi hadi chumbani nikajaribu koki. Ilikuwa imekaza vilevile nilivyoiacha.

Nikafungua vali ya begani kulitoa upepo. Hewa ya kichupa hutoka baridi na kavu. Hii ilinipiga usoni ya vuguvugu, yenye unyevunyevu, ikitoka na kukatika, ikitoka na kukatika, kama ya mtu aliyekimbia. Likanywea lote. Ndipo nikachukua koleo, nikaizungusha koki kwa nguvu zangu zote. Hewa ikaunguruma, jaketi likajaa tena mpaka mishono ikalia. Kumbe kichupa kilikuwa bado kimejaa; hewa iliyompandisha mume wangu haikutoka humo.

Nikaifunga koki, nikalitundika jaketi kwa mikono miwili.

"Ahsante, kaka," nikasema. "Sasa pumzika."

Mume wangu akauliza kutoka ukumbini naongea na nani.

"Na aliyekutoa," nikamjibu.