Karibu Niliyoitoa Nyumbani kwa Zainabu

Wallahi haya yalinipata mimi mwenyewe, si habari ya kuokota sokoni. Mimi ni mzee, nimefundisha Kurani hapa pwani tangu ujana wangu, na ninaujua uzito wa kuapa. Ukitaka amini, ukitaka cheka. Alhamdulillahi, nipo na ninasimulia.

Wengi mnadhani mambo haya huja usiku. Haya yalikuja mchana, baada ya adhuhuri, jua limesimama juu ya mabati ya kijiji cha Quitunda.

Nilikuwa nikiishi kwa binti yangu Zainabu, katika nyumba ya matofali ya saruji waliyopewa yeye na mumewe walipohamishwa kupisha mradi wa gesi. Mume siku ile alikuwa shambani, upande wa Pundanhar. Zainabu hurekodi kaswida za maulidi na harusi katika chumba cha nyuma. Dirisha kaliziba kwa godoro, kuta kazibandika trei za mayai, mlango ni wa chuma. Ukifunga mlango ule husikii hata jogoo. Tulirekodi mchana kwa sababu jioni jenereta la jirani hunguruma.

Kaswida niliitunga mimi, na ilihitaji dufu. Wapigaji wetu wametawanywa na vita, kila mmoja na alikokimbilia. Zainabu akapata kwa mfanyabiashara mmoja wa Namoto pen, kile kijiti cha kuchomeka kwenye kompyuta, yenye dufu za kompyuta: hazina ngozi wala mbao, unabonyeza kibodi kama ya piano, dufu inalia. Alinieleza nami nikaelewa. Programa ya kurekodi ni mwenyeji, ala inayotoka nje ni mgeni. Lazima mwenyeji aoneshwe mgeni amekaa wapi, amkague, amfungulie njia yake, ndipo asikike.

"Na akimkataa?" nikauliza.

"Anabaki nje, baba, kama wakwe waliokuja bila taarifa."

Tukacheka.

Mgeni yule hakusikika. Jina lake lilionekana kwenye skrini, Zainabu anabonyeza, kimya. Akabadilisha njia, akafunga programa, akafungua tena. Kimya. "Calma, tulia baba," akaniambia, ingawa aliyekuwa akitoka jasho ni yeye. Mimi nimekaa nyuma yake, fones za kusikilizia masikioni, nasubiri.

Ndipo nikasikia: "Hodi."

Sauti ya mtu, ya hapa hapa kwetu, ya upole, kama jirani aliyekuja kuomba moto. Wewe ungefanya nini? Ulimi umeshazoea tangu utotoni. Nikajibu, "Karibu, pita!"

Zainabu akageuka. "Unamkaribisha nani, baba?"

"Kuna mtu kapiga hodi."

"Masikio ya uzee hayo, baba yangu. Humu hata mvua haisikiki."

Akabonyeza. Dufu ikalia.

"Pronto, tayari!" akapaza sauti kwa furaha. "Kaingia!"

Mwanzo mlio ulichelewa. Kidole kinashuka, dufu inafuata. Zainabu akasema ndivyo mashine zilivyo, akarekebisha kitu kwenye programa, mlio ukaenda sawa na kidole. Nikasema mashallah. Kisha mlio ukatangulia. Niamini, nilikuwa nikivitazama vidole vyake. Dufu inalia, halafu kidole kinashuka. Inalia tena, kidole kinaikimbilia, kama mtu anayeitwa. Mchoro wa sauti kwenye skrini ulikuwa ukijichora kabla mkono haujainuka.

"Acha, mwanangu."

"Siwezi," akasema taratibu mno. "Baba, mikono si yangu."

Nikaenda mlangoni. Ufunguo ulizunguka vizuri, kitasa kikashuka vizuri, mlango haukuja. Nikauvuta kwa uzito wangu wote. Nikakipiga kile chuma kwa viganja, lakini nani angesikia? Zile trei tulizibandika wenyewe ili sauti isipite.

Nikataka kusoma Ayatul Kursi. Kabla sijafungua midomo, sauti yangu, pamoja na kikohozi changu, ikatoka kwenye spika: "Audhu billahi..." Nilipoifungua midomo, hamna kitu. Neno lilikuwa limeshatumika. Majini wamo Waislamu, Kitabu kimesema, na huyu aya hakuiogopa. Aliisoma mpaka mwisho, kwa tajwidi yangu.

Kisha akasema, bado kwa sauti yangu: "Umenikaribisha. Hujanipa kiti."

Watu wa pwani mmeshanielewa. Kwetu aliyepandwa na jini ndiye huitwa kiti chake. Akishakaa hatoki kirahisi. Wengine hukaa na mtu mpaka kaburini. Na shingo ya Zainabu ilikuwa imeanza kulala upande, macho wazi, vidole vinakimbia.

Mola amenipa subira, namshukuru kwa hilo. Nikafikiri: kama kila ninalokusudia kulisema huyu hulisema kwanza, basi na hili aliseme. Nikakusudia kwa moyo wote. Spika ikatamka kwa sauti yangu, ikisitasita, kama mtu anayelazimishwa:

"Mimi si mwenye nyumba hii. Mwenye nyumba ni Zainabu, na Zainabu hakukaribisha mtu. Aliyekukaribisha ni mimi, mgeni mwenzako. Toka nami."

Dufu zikanyamaza. Mlango ukajifungua polepole, joto la nje likaingia. Zainabu akalala juu ya kibodi akilia. Nikatoka bila kugeuka, naye yule akatoka nami.

Zainabu ni mzima, alhamdulillahi. Bado anarekodi, mlango ukiwa wazi. Mimi sikulala tena nyumbani kwake. Nina kibanda changu ng'ambo ya mashamba. Zainabu huniletea chakula, tukala kwenye mkeka mmoja, na hunitania: "Baba, mgeni wako hali samaki?" Hucheka, lakini sahani huiweka akaondoa mkono haraka.

Tangu siku ile kila neno langu nalisikia kabla ya kulisema, nusu pumzi tu mbele. Sisalishi tena watu. Hata takbira yule mgeni hunitangulia, na mtu hawezi kuwa imamu ilhali ni maamuma ndani ya kifua chake mwenyewe. Sina ninalomlaumu Mola. Namwomba jambo moja tu: siku yangu ya mwisho niisikie shahada, nami niifuate. Yule mgeni akinyamaza siku hiyo, sijui kama nitaweza kuitamka.

Nanyi mnaojifungia vyumbani na fones masikioni, mkivifungulia njia vitu msivyojua vimetoka kwa nani, jihadharini. Na ukiwa katika nyumba ya mtu ukasikia hodi, uzuie ulimi wako. Mwache mwenye nyumba ajibu.